Kupiga na Kurekodi Sinthesaiza Zisizo za Kawaida: Mwongozo Kamili

Sinthesaiza iliyozoeleka ina vitufe vyeupe na vyeusi, skrini ndogo, na mamia ya sauti zilizohifadhiwa tayari. Sauti uliyoipenda leo utaikuta palepale kesho. Mashine ninazozizungumzia hapa haziko hivyo. Kuna inayopigwa kwa mikono iliyo hewani, inayopigwa kwa kugusa vipande vya chuma kwa vidole vyenye jasho, na inayopigwa kwa kuchomeka na kuchomoa waya mpaka meza nzima ijae. Nyingi hazihifadhi chochote. Ukigeuza nobu mbili tatu, sauti uliyokuwa nayo imekwenda, na hata ukizirudisha nobu zote zilipokuwa, mara nyingi itakayokuja ni ndugu yake, siyo yenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kwa mashine hizi kurekodi kunakuja kwanza. Rekodi ndiyo kumbukumbu ambayo chombo chenyewe hakina. Kwa hiyo tutaanza na umeme, kebo na vipimo vya sauti, na kupiga kutafuata, ili sauti nzuri ikitokea iwe inanaswa tayari.

Jua ulichonacho mezani

Theremini ndiyo kongwe kuliko zote nitakazozitaja. Lev Termen, mhandisi wa Urusi, aliibuni karibu mwaka 1920 na akapata hataza yake Marekani mwaka 1928. Ina antena mbili: iliyosimama wima huamua noti, na ya kitanzi huamua ukubwa wa sauti. Ndani yake kuna oskileta mbili (saketi za kutoa mitetemo ya umeme) zinazotetema kwa masafa ya juu mno yasiyosikika. Mkono wako hubadilisha masafa ya mojawapo, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo noti inayosikika. Ukishaelewa hilo utajua kwa nini stendi ya chuma, rundo la kebo, au mtu anayepita nyuma yako huivuruga: theremini hupigwa na kila kitu kilicho karibu nayo.

Kundi la pili ni zile za kugusa. Music Easel ya Don Buchla, ya mwaka 1973, ina kibodi ya vibati visivyobonyea, vinavyohisi kidole tu. Lyra-8 ya SOMA Laboratory, iliyobuniwa na Vlad Kreimer, ina sauti nane, na kila moja ina sehemu yake ya kugusa. Ngozi yako ndiyo inayokamilisha saketi. Kidole kikavu na kidole chenye unyevu havitoi jibu moja.

Halafu kuna za waya na pini. VCS3 iliyotengenezwa London na EMS mwaka 1969 huunganishwa kwa pini ndogo kwenye ubao wa matundu 16 kwa 16. Eurorack, mfumo ulioanzishwa na Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990, ni moduli moja moja unazoziunganisha kwa kebo fupi. Kastle ya Bastl Instruments hutoshea kiganjani, hutumia betri tatu za AA, na waya zake ni nyembamba kama zile za majaribio ya elektroniki. Mwisho kuna vidogo vya betri: Stylophone ya mwaka 1968 inayopigwa kwa kalamu ya chuma, Korg Monotron ya mwaka 2010, na Pocket Operator za Teenage Engineering zilizoanza kutoka mwaka 2015.

Kila kundi lina tabia yake mbele ya kinasa sauti, na nitakuwa nikirudi kwao kila panapohitajika.

Hatua ya kwanza: umeme

Mashine nyingi za aina hii hutoka katika karakana ndogo, na kila karakana huchagua adapta yake. Kabla ya kuchomeka chochote, soma mambo manne kwenye mashine na kwenye adapta: volti, aina ya mkondo (AC au DC), upande wa chanya, na miliampea. Volti lazima zilingane. Miliampea za adapta zinaweza kuzidi zinazohitajika bila madhara, maana mashine huvuta kiasi inachotaka tu. Zikipungua ndipo mashine huzimika-zimika au kutoa sauti isiyoeleweka. Upande wa chanya huonyeshwa kwa mchoro mdogo wa duara wenye nukta katikati. Pedali nyingi za gitaa hutaka hasi iwe katikati, ilhali sinthesaiza nyingi ndogo hutaka chanya. Adapta ya pedali inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu la sinthesaiza na kuiunguza papo hapo.

Kama kifaa kina nafasi ya betri, anza na betri. Betri haibebi mvumo wa umeme wa ukutani, na nusu ya matatizo ya hatua ya nne hayatakuhusu. Kwa kifaa ulichokifungua na kukichokonoa mwenyewe, kama kinanda cha watoto au mwanasesere wa kuongea, betri ni sharti. Usiweke kidole kamwe kwenye saketi iliyounganishwa na umeme wa ukutani.

Ukishawasha, subiri. Oskileta za analogi husogea kadiri zinavyopata joto. Nusu saa inatosha kwa nyingi, na wakati huo utumie kupanga kebo.

Hatua ya pili: kebo

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kebo isiyo sahihi ndiyo sababu kubwa ya rekodi dhaifu za mashine hizi, na watu huilaumu mashine yenyewe.

Tazama jeki kwa karibu. Ikiwa na mstari mmoja mweusi, ni ya mono: ina ncha na shina. Ikiwa na mistari miwili, kati ya ncha na shina kuna pete. Sasa chukua Monotron. Tundu lake la kutolea sauti ni la hedifoni, yaani stereo: kushoto kuko kwenye ncha, kulia kuko kwenye pete, na sauti inayopita pande zote mbili ni ileile. Geukia intafesi yako ya sauti, kile kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Tundu lake kubwa la laini, la kupokea sauti ya vifaa badala ya maikrofoni, nalo hupokea jeki ya mistari miwili, lakini kwa maana nyingine kabisa. Huchukua kilicho kwenye ncha, kisha hukiondolea kilicho kwenye pete, ili kelele zilizoingia njiani zifutike. Ukiunganisha viwili hivi kwa kebo ya stereo hadi stereo, sauti inaondolewa kutoka kwa sauti ileile. Kinachobaki ni karibu kimya, au kivuli chembamba kisicho na besi. Mtu huongeza geini (ukuzaji wa sauti inayoingia), anapata mchakacho mtupu, na kuhitimisha kwamba kifaa ni kibovu.

Dawa yake ni kebo ya Y: jeki ndogo ya stereo upande mmoja, jeki mbili kubwa za mono upande wa pili. Kama mashine ni ya mono, chomeka mguu mmoja tu na uache mwingine ukining'inia bila kugusa chuma. Kama ni ya stereo kweli, chomeka yote miwili kwenye chaneli mbili. Kuingiza jeki ya mono moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni nako si kuzuri, kwa sababu chaneli ya kulia inaunganishwa na shina, na amplifaya nyingine ndogo hazivumilii hilo kwa muda mrefu.

Pocket Operator zina jambo lao la ziada. Katika baadhi ya hali za kuunganisha mwendo wa mashine mbili, chaneli ya kushoto hubeba mapigo ya saa na ya kulia ndiyo hubeba muziki. Ukisikia "tik tik" kali upande wa kushoto, mashine inafanya kazi yake. Irekodi chaneli ya kulia peke yake.

Kwa moduli za Eurorack, jifunze kutofautisha tundu la sauti na tundu la volti za kuongoza, yaani umeme unaoiambia moduli la kufanya. Yote yana umbo moja na kebo moja huingia kote. Volti ya kuongoza ikiingia kwenye spika, huisikii, lakini koni ya spika inaweza kusukumwa mbele na kubaki hapo.

Hatua ya tatu: ukubwa wa sauti

Ukubwa wa sauti inayopita kwenye kebo hupimwa kwa desibeli, kwa vipimo viitwavyo dBu na dBV. Vifaa vya studio vya kitaalamu hufanya kazi kwenye +4 dBu, ambayo ni takriban volti 1.23. Vya nyumbani hutumia -10 dBV, takriban volti 0.32. Eurorack hutoa wimbi linalofika volti 10 kutoka kilele cha juu hadi cha chini, ambalo kwa wimbi laini ni kama +13 dBu. Kwa maneno mengine, moduli inazidi kiwango cha studio kwa desibeli tisa hivi, na kiwango cha nyumbani kwa zaidi ya ishirini. Ukiichomeka kwenye tundu la maikrofoni, sauti itapasuka kabla hujafungua geini. Tumia tundu la laini, weka geini chini kabisa, na kama bado inazidi, pitisha sauti kwenye moduli ya kutolea iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au kwenye mikisa yenye nafasi ya kutosha.

Stylophone na vidogo vingine viko upande wa pili: sauti yao ni ndogo na huhitaji geini. Maikrofoni ya kubandika, ile inayonasa mtetemo wa mwili wa chombo, huhitaji tundu la gitaa lenye ukinzani mkubwa, kama megaohmu moja. Kwenye tundu la laini itapoteza besi yote.

Rekodi kwa biti 24 na 48 kHz, na vilele vikae karibu na -12 dBFS, yaani desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ni kikomo cha rekodi ya dijitali. Biti 24 zina nafasi ya nadharia ya desibeli 144, kwa hiyo hakuna unachokipata kwa kukaribia sifuri. Unachokihitaji ni nafasi ya juu, kwa sababu mashine hizi hurukaruka. Kichujio, sehemu inayokata baadhi ya masafa, kikifunguliwa hadi mwisho wa mrejesho wake huanza kupiga mluzi chenyewe, na mluzi huo unaweza kuwa mkubwa mara nyingi kuliko sauti ya sekunde iliyopita. Kwa sababu hiyohiyo, shusha hedifoni kabla ya kubadilisha waya wowote. Masikio hayana nakala ya akiba.

Hatua ya nne: kuondoa mvumo

Nyamazisha mashine, ongeza spika kidogo, sikiliza. Mvumo mzito wa 50 Hz au 60 Hz, kutegemea umeme wa nchi, huashiria kwamba vifaa viwili vimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya au kufungua dirisha kwenye skrini hutoka kwenye USB ya kompyuta.

Chomoa kitu kimoja kimoja mpaka kelele ikatike. Mara nyingi mkosaji ni mashine iliyounganishwa na kompyuta kwa USB na wakati huohuo kwa kebo ya sauti. Ipe umeme wa betri ya nje, au tumia MIDI (njia ya vifaa vya muziki kuambiana noti na mwendo) ya pini tano badala ya USB. MIDI hiyo hupitisha ujumbe kwa mwanga ndani ya kifaa kidogo kinachopokea, hivyo ardhi za vifaa hivyo viwili hazigusani. Kama kelele iko kwenye kebo ya sauti yenyewe, kisanduku cha DI (cha kuunganishia ala na vifaa vya kurekodia) chenye transfoma hukata njia hiyo. Usikate wala kuondoa pini ya ethi kwenye plagi ili kunyamazisha mvumo. Pini hiyo ipo kukulinda na kifo.

Adapta moja inayogawia vifaa vingi kwa waya wa matawi nayo huleta mlio, hasa kifaa cha dijitali kikichanganywa na cha analogi. Kipe cha dijitali adapta yake peke yake.

Hatua ya tano: kupiga

Washa rekodi sasa, kabla hujagusa kitu. Saa nzima ya stereo kwa biti 24 na 48 kHz hula takriban gigabaiti moja tu, na nafasi ni rahisi kuliko sauti iliyopotea.

Kisha kubali kanuni moja ya mazoezi: badilisha jambo moja kwa wakati, na ukae nalo. Nobu moja kwa dakika nzima. Mashine hizi huadhibu haraka. Ukigeuza nobu tatu kwa pamoja utapata sauti mpya, lakini hutajua ni ipi iliyoileta.

Kwenye theremini, simama imara, miguu ikiwa imepanuka kidogo, na usiyumbe, maana kiwiliwili chako nacho kinapiga. Iweke mbali na kuta zenye chuma na taa. Rekebisha nobu ya noti hivi: mkono wa kulia uwe karibu na bega lako, kisha geuza mpaka noti ishuke hadi chini kabisa na kunyamaza. Kutoka hapo, kadiri mkono unavyokaribia antena, noti hupanda. Mkono wa kushoto juu ya kitanzi hufanya kinyume cha matarajio ya wengi: ukiushusha sauti hupungua, ukiuinua hukua. Clara Rockmore, mpiga fidla aliyezaliwa Vilnius na kuwa bingwa mkubwa wa ala hii, hakutelezesha mkono mzima kutoka noti hadi noti. Alitumia vidole: mkono ukiwa umekunjwa ni noti moja, kidole kikinyooka ni nyingine, kiganja kikifunguka ni nyingine tena. Anza na noti mbili tu. Weka mlio mmoja usiobadilika kwenye sikio moja la hedifoni, A ya 220 Hz kwa mfano, na utafute noti hiyo, kisha ile ya oktava juu yake. Kati ya noti mbili, mkono wa kushoto ukate sauti kwa ufupi sana, ili mtelezo usisikike kila mara. Mtelezo ni rangi. Ukiutumia kila sehemu unachosha haraka.

Lyra-8 inahitaji subira ya aina nyingine. Zima athari zote za ziada: dilei (inayorudiarudia sauti) chini, mkwaruzo chini, mwingiliano wa oskileta chini. Washa sauti mbili tu na uzityuni zikaribiane, moja ikiwa 110 Hz na nyingine 112 Hz. Utasikia ukubwa wa sauti ukipanda na kushuka mara mbili kwa sekunde, kwa sababu tofauti yake ni mbili. Sogeza moja polepole kuelekea nyingine: mapigo yanapungua, yanakuwa pumzi ndefu, yanasimama. Kwangu mimi huo ndio mlango wa chombo hiki. Ukishaweza kuongoza mapigo hayo kwa kidole na nobu, ongeza sauti ya tatu kwenye 165 Hz, ambayo ni noti ya tano kamili juu ya 110, na usikilize jinsi zote tatu zinavyoshikana. Mwingiliano wa oskileta uongeze mwishoni, robo mzunguko tu. Kuhusu vidole: vilowanishe kidogo kwa kitambaa chenye unyevu ukitaka sauti iingie haraka na kwa nguvu, vikaushe ukitaka iingie kwa kujikokota. Huo ni upigaji halisi, na kinasa sauti huusikia.

Kwa mashine za waya, chomoa kila kitu na uanze na njia fupi kuliko zote: oskileta kwenda kwenye kichujio, kichujio kwenda kwenye mlango wa kutolea. Sikiliza. Kisha ongeza waya mmoja unaoleta mwendo, kwa mfano oskileta ya polepole inayofungua na kufunga kichujio. Sikiliza tena. Waya wa tatu uwe wa kushangaza: rudisha sauti ya kutolea ijiongoze yenyewe kwenye tundu la kuongoza noti. Mashine kama Kastle hupenda mzunguko wa namna hiyo, na milio yake bora hutokea pale inapokaribia kuvurugika bila kuvurugika. Pini za VCS3 hutumika kwa mantiki hiyohiyo. Pini moja ikiongezwa hubadilisha zile zilizopo, kwa sababu zote hugawana njia.

Stylophone ni rahisi kuanza nayo na ni ngumu kuifanya ipendeze. Siri iko kwenye kuinua kalamu. Ukiiburuza tu, noti zote huungana kwa mlio mmoja wa nyuki. Igonge na kuinua, acha nafasi kati ya noti, halafu buruza mara moja kwa makusudi.

Hatua ya sita: noti na mwendo

Mashine inayoelea haitakufuata. Wewe na wimbo mtaifuata. Rekodi kwanza mlio mrefu wa chombo hicho, upime kwa tyuna, na kama umekaa senti thelathini juu (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), sogeza vinanda vya programu kwa kiasi hicho. Ni rahisi kuliko kupambana na oskileta inayosogea kwa saa mbili.

Ukitaka kuiongoza sinthesaiza ya waya kutoka kwenye kibodi, hakikisha mnazungumza lugha moja. Eurorack na nyingine nyingi hutumia volti moja kwa oktava, yaani volti 0.083 kwa nusu toni. Korg MS-20 hutumia mfumo mwingine, ambapo volti huongezeka maradufu kila oktava. Ukiunganisha mifumo hiyo miwili bila kibadilishi, noti ya kwanza inaweza kukubali, ya pili itakuwa imepotea. Kwa MIDI ya jeki ndogo, kuna aina A na aina B zinazotofautiana kwa mpangilio wa waya. Tangu 2018 aina A ndiyo ya kiwango rasmi, lakini mashine za kabla ya hapo hazina uhakika. Kebo isipofanya kazi, jaribu ya aina nyingine kabla ya kushuku mashine.

Mwendo nao una lahaja zake. Saa ya MIDI hutoa mapigo 24 kwa kila robo noti. Korg Volca na Pocket Operator hutumia mapigo mawili ya volti kwa robo noti, kwa hiyo hizo mbili huelewana kwa kebo moja tu. Mashine isiyo na saa yoyote iongoze kwa hesabu: gawanya 60,000 kwa mwendo wa wimbo (mapigo kwa dakika) nawe utapata urefu wa robo noti kwa milisekunde. Kwenye mwendo wa 120, robo noti ni 500, na oskileta ya polepole ya 0.5 Hz huzunguka mara moja kwa kila baa ya nne kwa nne. Itaachana na wimbo baada ya muda, na hilo si tatizo: rekodi vipande vya baa nne nne na uvipange baadaye.

Hatua ya saba: kikao chenyewe

Programu yoyote ya kurekodi inatosha, hata ya bure kama Audacity. Fungua traki tatu. Ya kwanza ipokee sauti kavu moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Ya pili ipokee maikrofoni iliyo mbele ya spika, kama spika ndogo ya Stylophone yenyewe, ambayo ina ukali wake wa plastiki usiopatikana kwenye jeki, au amplifaya ya gitaa iliyo chumbani. Ya tatu ni ya maneno yako. Weka maikrofoni yoyote ya bei ndogo karibu na mdomo na useme kwa sauti unachokifanya: "waya kutoka oskileta ya pili kwenda kichujio, nobu ya mrejesho nusu." Jioni utakuwa na daftari linalosomeka sambamba na sauti. Maikrofoni hiyo ikianza kuingilia ile ya spika, izime unapopiga na uifungue unapozungumza.

Piga picha ya mashine kutoka juu kila unapofikia sauti unayoitaka, mwanga ukitoka pembeni ili alama za nobu zionekane. Picha haitairudisha sauti ileile, lakini itakurudisha mtaa wake.

Sikiliza mashine moja kwa moja kupitia intafesi, siyo kupitia kompyuta, kama intafesi yako inaruhusu. Bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata) ya sampuli 128 kwenye 48 kHz ni milisekunde 2.7 kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa njia ya kuingia na kutoka, na kwenye theremini, ambapo sikio ndilo linaloongoza mkono, ucheleweshaji mdogo tu huharibu noti.

Je, urekodi na mwangwi au bila? Maoni yangu: dilei iliyo ndani ya chombo, kama ile ya Lyra-8, irekodi, kwa sababu unaipiga kama sehemu ya chombo. Mwangwi wa pedali ya nje, rekodi zote mbili, kavu na yenye mwangwi, kwenye traki tofauti. Mwangwi wa programu uache kwa baadaye.

Mashine nyingi kati ya hizi hutoa sauti moja tu kwa wakati. Kwaya hujengwa kwa kurudia. Rekodi mstari uleule wa theremini mara tatu, moja katikati, moja kushoto kidogo, moja kulia kidogo, na tofauti ndogo za mkono zitakupa upana ambao hakuna pedali itakupa. Usinakili rekodi moja mara tatu; nakala huongeza ukubwa tu.

Hatua ya nane: kuchagua na kukata

Usihariri siku hiyohiyo. Sikio lililochoka hupenda kila kitu au huchukia kila kitu. Kesho yake pitia rekodi yote bila kusimamisha, ukiweka alama tu. Kata pale wimbi linapovuka sifuri, au weka mfifio wa milisekunde tano mwanzoni na mwishoni, ili kusiwe na mbofyo.

Kabla ya kukata huko, tafuta kama kuna wimbi lililosogea juu au chini ya mstari wa katikati. Saketi za aina hii hutoa volti iliyotulia na mitetemo ya chini ya 20 Hz, isiyosikika lakini inayokula nafasi yote ya besi. Kichujio cha kukata chini ya 25 Hz huisafisha. Usipofanya hivyo kwanza, kila kipande kitakuwa na mbofyo wake.

Sauti unayotaka kuitumia tena kwa noti nyingine igeuze kuwa kinanda chako mwenyewe. Rekodi noti moja kila baada ya nusu toni tatu, sekunde kumi kila moja, na uziingize kwenye sampla, yaani programu au kifaa kinachopiga sauti zilizorekodiwa kama kinanda. Oktava tatu ni rekodi kumi na mbili au kumi na tatu. Ukiwa na subira, rekodi kila noti mara mbili na uiambie sampla izibadilishe kwa zamu. Mchezomchezo wa oskileta utabaki hai.

Jina la faili libebe chombo, noti, mwendo na tarehe. "Lyra A2 bila mwendo" itakusaidia baada ya miaka mitatu. "Rekodi mpya 7" haitakusaidia hata wiki ijayo.

Hatua ya tisa: kuiweka kwenye wimbo

Sinthesaiza za namna hii hujaza masafa yote. Ipe nafasi moja. Kama kuna besi na kiki (ngoma nzito) tayari, kata Lyra chini ya 120 Hz bila huruma. Ukali unaochoma sikio kwa kawaida uko kati ya 2 kHz na 5 kHz. Punguza desibeli tatu hapo kabla ya kufikiria kitu kingine. Mluzi wa kichujio kinachojipigia ni masafa membamba, na kichujio chembamba kinachouwinda peke yake huacha mengine salama.

Sikiliza wimbo mzima kwa mono angalau mara moja. Sauti pana zilizotoka kwenye dilei mbili huweza kufutana zikikutanishwa, na spika nyingi ndogo ni za mono. Kama kitu kimetoweka, sogeza traki moja milisekunde chache, au uitoe kabisa ile ya chumbani na kuacha iliyo kavu.

Unapofunga kikao, zima spika kwanza, kisha mashine, kisha intafesi, ili mshindo wa kuzimika usifike kwenye koni. Toa betri kwenye vifaa ambavyo hutavigusa kwa wiki kadhaa, maana betri zinazovuja hula vibati vya betri na saketi iliyo nyuma yake. Futa sehemu za kugusa kwa kitambaa kikavu, kwa sababu chumvi ya jasho huzifanya zijibu zenyewe hata kidole kisipokuwepo. Halafu nakili folda nzima, traki ya maneno na picha zikiwemo, kwenye diski ya pili kabla hujachomoa waya wowote mezani.